Mwalimu Anastazia na Maneno ya Gari la Sinema

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Wazee wangu, shikamooni. Ni mimi Mathias, katika saa yetu ya kuwakumbuka waliotangulia. Leo tunamkumbuka Mwalimu Anastazia. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwao Kilosa, kwa maradhi ya figo. Amezikwa Alhamisi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Mwalimu Anastazia alikuwa mwalimu wangu.

Kila Jumapili nakaa hapa nikiwasifu marehemu wa watu wengine. Nasifu, natoa pole, natoka kwenda kunywa chai. Leo haitakuwa hivyo. Sababu nitawaeleza, wala sitaificha. Ila kwanza nataka mumjue huyu mama.

Alizaliwa mwaka 1940, Kilosa, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yake, Mzee Lukasi, alikuwa akikaza reli kati ya Kilosa na Kidete. Ndugu yake, Bwana Beda, ameniambia hivi: "Dada alikuwa anamfuata baba relini, jioni anarudi na vinyonga mfukoni. Mama alikuwa hagusi gauni lake mpaka alikung'ute kwa fimbo."

Uhuru ulipokuja alikuwa na miaka ishirini na mmoja, yuko chuo cha ualimu. Mwaka 1969 akaletwa Dar es Salaam, kufundisha biolojia katika shule yetu ya sekondari. Huko ndiko alikotukuta sisi. Mimi mtoto wa Ilala, wasikilizaji. Miti niliyoijua kwa majina ilikuwa mitatu, na mmojawapo ulikuwa nguzo ya umeme.

Siku moja alituuliza darasani, maji tunayokunywa yanatoka wapi. Darasa zima tukajibu kwa sauti moja: bombani! Tukasubiri atupongeze. Mwalimu Anastazia aliweka chaki mezani, akakaa. Wiki iliyofuata akaanzisha klabu ya filamu.

Klabu ya filamu, mwaka 1974, katika shule ambayo hata madaftari yalikuwa ya kugawana. Aliazima kamera katika ofisi moja ya habari. Kamera yenyewe ya kuzungusha ufunguo, haina sauti, na mkanda mmoja haufiki dakika tatu. Alisema mtoto wa mjini hatazami kitu mpaka apewe kioo cha kutazamia. Basi atatupa kioo, halafu atatupeleka porini.

Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, alituchukua wanafunzi kumi na wawili, akatupeleka Mikumi. Tulilala katika darasa la shule ya msingi, nje ya hifadhi. Asubuhi tulipanda lori, tukaingia kwenye mbuga ya Mkata. Sheria yake ilikuwa moja. Hakuna kugusa kamera kabla hujakaa saa nzima ukitazama kitu kimoja. Saa nzima, kitu kimoja, mdomo umefungwa.

Rafiki yangu Lupakisyo alipangiwa mdudu anayeviringisha mavi ya tembo. Akalalamika. "Mwalimu, nimetoka Temeke kuja kutazama mavi?"

Mwalimu akamjibu, "Ya Temeke hukuyatazama. Anza na haya."

Tulicheka mpaka askari wa hifadhi akatunyamazisha. Lakini saa ilipokwisha Lupakisyo alikataa kuinuka. Alikuwa amelala kifudifudi, kidevu mchangani, anamhurumia yule mdudu kwa kilima alichokuwa anapanda. Dakika zake tatu ndizo zilizokuwa bora kuliko za wote. Leo Lupakisyo ni bwana misitu huko kusini. Huyo ni mmoja wa watu aliowatengeneza Mwalimu Anastazia. Wapo wengine. Mimi sijui kama naruhusiwa kujihesabu.

Kutoka Mikumi tulikwenda Masanze. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo lilipo jambo langu.

Masanze alikuwapo mkulima mmoja, Mzee Mwinjuma. Mwalimu alimjua tangu utotoni, familia yao ilikuwa ikinunua mahindi kwake. Kijiji kilikuwa kimehamishwa karibuni. Nyumba zimepangwa mistari, za nyasi zote, paa linakaribia paa, na nyuma ya nyumba ni majani marefu mpaka unapochoka kutazama. Moto ukitoka huko wakati wa kiangazi, hakuna kitakachosalia. Mzee Mwinjuma ndiye aliyekuwa na kazi ya kuuzuia.

Aliuzuia hivi. Mwezi wa sita, majani yakiwa yamekauka juu lakini chini bado mabichi, alitoka alfajiri na umande. Alichoma ukanda mwembamba kuzunguka kijiji, moto ukienda kinyume cha upepo, unatambaa polepole. Wenzake walisimama na matawi mabichi kuupiga usitoke nje ya mstari. Mwezi wa tisa, moto mkubwa ukija kutoka mbugani, unakuta ukanda mweusi, hauna cha kula, unakufa. Nyumba zimepona, na pori la upande wa pili limepona. Mzee Mwinjuma alichoma kidogo ili pori lisiungue lote. Mzee Mwinjuma alikuwa mlinzi wa pori.

Mwalimu alitueleza haya yote jioni ya kuamkia siku ya kuchoma. Mimi nilikuwa nyuma, nawachekesha wasichana. Sikusikia hata nusu.

Asubuhi nikauona moto. Sikuwahi kuona moto nje ya jiko. Nilipiga kelele, wasikilizaji, nikatimua mbio. Nilikuwa nimevaa raizoni, viatu vile vya soli ndefu tulivyojidai navyo mjini. Kimoja kikabaki njiani. Nikaanguka kwenye tuta la viazi, uso mbele. Kijiji kizima kikacheka, na wale wasichana wakacheka.

Mzee Mwinjuma akaja akaninyanyua. Akanifuta udongo kwa kanzu yake mwenyewe. Akasema, "Mjukuu wangu, moto wenyewe hata konokono anaupita. Wewe ulikuwa unamkimbia nani? Mke wangu?"

Watu wakacheka zaidi. Wenye babu zao vijijini mnajua. Babu anamtania mjukuu, mjukuu anajibu, mapenzi yanakolea. Ningemjibu tu, "Ndiyo, babu, mkeo ananitaka mimi," tungekuwa marafiki mpaka kufa kwake. Lakini mimi nililelewa Ilala bila babu. Niliona nimetukanwa mbele za watu. Nikanuna siku nzima. Usiniulize kama nilikuwa na akili. Nilikuwa na miaka kumi na minane na kiatu kimoja.

Mikanda ilikwenda kusafishwa, ikarudi mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi Mwalimu akatuombea ruhusa ya siku chache, tukarudi Masanze kuwaonyesha wenyeji picha zao. Lilikuja gari la sinema la serikali. Likasimama uwanjani, kitambaa cheupe kikatundikwa, na jua lilipozama watu walikuwa wamejaa, wengine wametoka Rudewa kwa miguu. Viongozi walikaa mbele kwenye viti. Mzee Mwinjuma, amevaa kanzu mpya, alikaa chini kwenye mkeka na binti yake Mwanvua.

Nimesema kamera haikuwa na sauti. Kwa hiyo ilibidi mtu asimame ndani ya gari na kipaza sauti, aeleze picha zinavyopita. Nilichaguliwa mimi, kwa sababu ya sauti. Maneno aliyaandika Mwalimu, karatasi mbili, mwandiko wake mzuri ule. Kazi yangu ilikuwa kusoma tu.

Nilisoma vizuri mwanzoni. Tembo wakapita, watu wakashangilia. Mdudu wa Lupakisyo akapita, watu wakavunjika mbavu. Halafu akatokea Mzee Mwinjuma na moto wake. Karatasi ilisema: "Huyu ni Mzee Mwinjuma. Anachoma majani mapema ili kijiji na pori visiungue." Niliiona. Nakumbuka hata wino ulikuwa wa bluu.

Sikuisoma. Nilisema hivi: "Mtazameni adui wa pori! Mtu huyu anachoma mali ya taifa. Tembo wetu watakula nini? Watoto wetu watarithi majivu?"

Ndivyo nilivyosema. Sikuambiwa na mtu. Wageni waliotoka mbali wakapiga makofi. Viongozi kwenye viti wakapiga makofi. Nilisikia sauti yangu ikienda mpaka milimani na kurudi, na nilifurahi, wasikilizaji. Naona aibu kulitamka neno hilo, lakini ndilo lenyewe. Nilifurahi.

Kesho yake asubuhi wakaja askari kumchukua Mzee Mwinjuma. Mwaka ule kila kona kulikuwa na tangazo la kupiga vita uchomaji wa mapori. Wakamweka ndani siku tatu, mzee wa miaka sitini na kitu, na kanzu yake ile ile.

Mwalimu Anastazia alikwenda ofisi ya wilaya siku hiyo hiyo, akarudi siku ya pili, akarudi ya tatu. Siku ya tatu alinichukua nimfuate. Alimweleza ofisa kila kitu: umande, upepo, ukanda mweusi. Ofisa alielewa. Hakuwa mtu mbaya. Lakini akauliza, "Basi nani aliyesema uongo kwenye kipaza sauti cha serikali?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nililisikia swali mwenyewe. Niliangalia chini.

Mwalimu alisubiri kidogo. Halafu akasema, "Mimi. Mimi ndiye niliyeandika. Kijana alisoma tu."

Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umebaki mwezi mmoja. Ningefukuzwa shule, hilo halina shaka. Yeye alilijua, na mimi nililijua. Tukapanda treni kurudi Dar es Salaam. Tulipofika stesheni ya Morogoro alinunua machungwa, akagawa kwa kila mwanafunzi. Na mimi akanipa chungwa langu, bila kunitazama. Nililila.

Mzee Mwinjuma akaachiwa. Lakini hakuna aliyerudi na gari la sinema kuwaambia watu kwamba hakuwa na kosa. Watu walikuwa wameshasikia, kwa sauti kubwa, na picha wameziona. Akabaki na jina: Mchoma Pori. Watoto walimwimbia njiani. Mwalimu Anastazia alinyang'anywa kamera, klabu ikafungwa, na yeye akahamishwa kwenda shule ya msingi huko ndani, Lumuma. Mwalimu wa biolojia, kwenda kufundisha darasa la pili. Alikaa huko mpaka figo zilipomrudisha nyumbani.

Mwaka uliofuata, 1975, mwezi wa sita ulifika Masanze na hakuna aliyethubutu kuwasha kiberiti. Mzee Mwinjuma aliwasihi. Walimjibu, "Mchoma Pori, unataka tufungwe wote?" Mwezi wa tisa moto ukaja kutoka mbugani, haukukuta ukanda. Ziliungua nyumba tisa na ghala la kijiji. Ikaungua nyumba ya Mwanvua. Moto uliendelea mpaka mpakani mwa hifadhi, siku nne. Watu walipona, kwa sababu Mzee Mwinjuma hakuwa akilala usiku wa kiangazi, akawaamsha.

Mimi nilifaulu mtihani. Nilipokuja hapa kuomba kazi, waliniuliza kama nimewahi kushika kipaza sauti. Nikasema ndiyo, Kilosa, kwenye gari la sinema. Wakafurahi. Ndivyo nilivyopata mkate wangu, wasikilizaji wapendwa.

Mwaka 1981 Mwalimu alikuja hapa kituoni. Mapokezi wakanipigia simu: kuna mama anaitwa Anastazia, ametoka Lumuma. Nilikuwa nakunywa chai. Nikasema niko studio. Akasubiri saa mbili, akaondoka. Aliacha ujumbe kwamba kila mwezi wa sita redio iwakumbushe wakulima kuchoma mapema na kwa utaratibu. Hakuniomba chochote cha kwake. Ujumbe ule niliupoteza.

Basi juma lililopita nikapata habari ya msiba. Nikapanda treni. Nilijiambia, safari hii nitasema. Dada yake, Bi Hildegarda, alinipokea kwa machozi. "Mwanafunzi wake wa redioni," akawaambia watu. "Dada alikuwa anakusikiliza kila Jumapili. Tukipiga kelele alitufukuza barazani." Nilimwamkia, nikakaa, nikashindwa kula.

Makaburini Bwana Beda akanipa karatasi. Kwa kuwa nina sauti, nisome historia ya marehemu. Nikaanza. Kuzaliwa, shule, ualimu. Halafu nikafika hapa: "Mwaka 1974 marehemu alikosea katika maelezo ya filamu, akaadhibiwa, akaipokea adhabu kwa unyenyekevu." Beda aliandika kwa nia njema. Alitaka kumsifu dada yake.

Safari hii nilisoma kama ilivyoandikwa. Neno kwa neno, kwa sauti nzuri, na jeneza liko mbele yangu. Nilikuwa nimesafiri kwenda kusema kweli, nikasoma uongo wangu mwenyewe juu ya maiti yake. Nilipomaliza watu waliniambia, umesoma vizuri.

Tulipokuwa tunatawanyika akanifuata mama mmoja. Alikuwa Mwanvua, binti wa Mzee Mwinjuma. Alitoka Masanze na kina mama wenzake, wamebeba unga na kuni kwa ajili ya msiba. Sikuwa nimemtambua. Akanieleza kwamba Mwalimu Anastazia, kila mwezi wa sita, tangu mwaka 1976, alikuja Masanze kutoka Lumuma. Alishika tawi bichi, akasaidia kuchoma ukanda na baba yake, wao wawili tu miaka ya mwanzo, baadaye na watu wachache. Kila mwaka alimwomba mzee radhi. "Baba alimsamehe," Mwanvua akasema. "Alifariki mwaka sabini na tisa, hana kinyongo. Alisema mwalimu ni binadamu, aliteleza."

Hapo ndipo nilipofungua kinywa. Nikamwambia. Pale pale, juu ya udongo mpya, nikamwambia yote niliyowaambia ninyi leo.

Akafunga kanga yake upya. Nilitamani anipige. Nikasema, "Dada Mwanvua, nisamehe."

Akasema, "Baba yangu alimsamehe mtu ambaye hakumkosea. Wewe hakukusamehe, maana hakukujua. Mimi nitakusamehe kwa niaba ya nani?"

Nikasema, "Basi nifanye nini?"

"Bado wanatuita watu wa Mchoma Pori," akasema. "Wanangu wanaitwa hivyo shuleni, na babu yao hawamkumbuki hata sura. Mimi nikisema si kweli, ni sauti ya mwanamke mmoja kisimani. Ya kwako inasikika nchi nzima. Uliyasema kwenye kipaza sauti. Nenda ukayaseme huko huko." Akachukua ungo wake, akaondoka na wenzake. Hakunipa mkono.

Mkuu wangu wa kazi amesoma haya kabla sijaingia studio. Ameniuliza kama najua yatakayonipata. Nimemwambia najua baadhi.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bwana Beda na Bi Hildegarda natoa pole, na natoa karatasi mpya ya historia ya dada yenu. Futeni ule mstari. Mwalimu Anastazia hakukosea katika filamu ile. Aliandika kweli, na kweli yake niliikunja mkononi. Mungu amlaze pema. Kwa Dada Mwanvua na wanawe natoa pole ya miaka kumi, na sitaomba tena msamaha ambao hauna wa kuutoa.

Na ninyi mnaonisikiliza, nawaomba leo jioni mkae kimya kidogo. Mfikirie mtu mmoja anayebeba kosa lenu. Kama yu hai, msingoje treni ya msiba. Mimi nilingoja.

Najua betri ni adimu, na vijiji vingi redio ni moja. Kwa hiyo wewe uliye Masanze, uliye Rudewa, mwenye redio inayosikika, nakuomba ongeza sauti. Itoe nje. Waite watoto wanaotoka shuleni wasogee.

Mimi naitwa Mathias. Nilisema uongo. Mzee Mwinjuma hakuchoma pori.